Kiwanja Kisichohitaji Kelele

Kazi ya kapita, msimamizi wa kiwanja cha ujenzi, huanza siku ambayo kiwanja bado ni majani na vigingi vinne. Mafundi hawajaitwa, lori la mawe halijapakiwa, na mwenye mali amesimama pembeni akiuliza msingi utachimbwa lini. Kapita anatembea tu. Anapanda juu ya kiwanja, anashuka, anasimama pale maji ya mvua yalipochimba vijifereji kwenye udongo mwekundu, anaukagua ukuta wa jirani, anaufuata waya wa umeme kwa macho mpaka kwenye nguzo, kisha anarudi barabarani kuipima kwa hatua kona ambayo lori litakata. Ana kamba, ana vigingi vya ziada, ana daftari la shule. Anapoondoka jioni ameshajua mchanga utamwagwa wapi, saruji italala wapi, maji yatatoka upande gani, na mtu aliyebeba karai kichwani atapita wapi asigongane na anayeshusha mbao.

Nimeipenda kazi hii kwa miaka mingi, na naamini ndiyo inayonyimwa haki zaidi katika ujenzi wetu. Ukuta ukisimama wima, watu humsifu mwashi. Paa likikaa vizuri, humsifu seremala. Aliyeamua kokoto zikae upande wa juu wa kiwanja hatajwi na mtu, ingawa uamuzi wake ndio uliowaokoa vibarua na mizunguko ya bure kutwa nzima, na ndio uliofanya tofali lililoteleza jukwaani lianguke mahali pasipo na kichwa cha mtu.

Gitega ni shule ngumu ya ufundi huu. Wajerumani walihamishia makao yao ya utawala hapo mwaka 1912, na boma lao bado lipo. Zaidi ya miaka mia baadaye, Januari 2019, Bunge la Burundi liliufanya mji huu kuwa makao makuu ya kisiasa, Bujumbura ikabaki na biashara. Uamuzi wa namna hiyo hushuka mitaani kwa sura ya matofali: ofisi zinahitaji majengo, watumishi wanahitaji nyumba, wageni wanahitaji mahali pa kulala na kula. Lakini Gitega imekaa juu ya vilima, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kiwanja tambarare ni bahati. Ili upate sakafu lazima ukate mlima. Udongo uliokatwa lazima uwekwe mahali, na ukiuachia uende wenyewe utateremka, na huko chini kuna jikoni ya mtu.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa kapita wa Gitega ni wa udongo, hata kabla ya tofali. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa hupita tani moja na nusu, uzito wa gari dogo lililojaa abiria. Mwaga mita kumi za namna hiyo kwenye ukingo wa mtaro, halafu ngoja mvua ya alasiri. Kapita anayejua huweka rundo mita moja au zaidi kutoka ukingoni, na mtaro ukizidi kimo cha kifua hauachii uende wima: ama anaulaza kingo zake, ama anazishikiza kwa mbao na vigogo. Ngazi inakuwa ndani tangu asubuhi, hata kama mchimbaji ni kijana anayeweza kuruka. Wala hamwachi mtu chini peke yake. Mtaro unaporomoka kwa muda mfupi kuliko kuita jina la mtu, na aliyefukiwa mpaka kifuani anakosa pumzi hata kama kichwa chake kiko nje.

Halafu kuna kalenda. Katika nyanda hizi mvua huanza Septemba na kuendelea mpaka Mei, ikipumzika kidogo mwanzoni mwa mwaka. Kiangazi chenyewe ni Juni mpaka Agosti, na kinaweza kunyoosha mguu hadi Septemba. Msingi ukichimbwa Machi utachimbwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sururu na mara ya pili kwa ndoo. Lakini mwenye mali akipata fedha Machi hataki kusikia habari za Juni. Hapo kapita huonyesha ukubwa wake. Hagombani. Anachimba kwanza mfereji wa kuyageuza maji juu ya kiwanja, anaufikisha mpaka mtaroni kando ya barabara, halafu anafungua msingi vipande vipande, kila kipande kikijazwa mawe kabla kingine hakijafunguliwa. Kazi inaonekana ya polepole. Mwezi ukiisha, ndiyo iliyofika.

Saruji nayo ina tabia zake. Hapa Burundi inatoka kiwanda cha BUCECO huko Cibitoke, au inavuka mpaka wa Kobero ikitokea Tanzania. Katika miaka hii ya karibuni, mafuta ya magari yakiadimika, lori huja siku linayoweza kuja. Kapita hawezi kupanga kazi yake juu ya ahadi ya dereva, kwa hiyo anaipanga juu ya stoo. Ingia kwenye stoo iliyotunzwa uone. Mifuko ya kilo 50 imelala juu ya mbao, imeinuka kutoka ardhini kiasi cha kupitisha mkono, imeachana na ukuta, haikupangwa zaidi ya kumi kwenda juu, na kila mstari una tarehe iliyoandikwa kwa chaki. Iliyoingia kwanza inatoka kwanza, maana saruji iliyokaa miezi mitatu mahali penye unyevu imekwisha kupoteza nguvu na haisemi. Mlangoni kuna daftari, na daftari lina kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isitembee. Uzi ule wa kalamu hunifurahisha kila ninapouona. Mtu aliyeufunga alifikiria saa nne asubuhi, watu watano wamesimama wakitaka mifuko, na kalamu haionekani.

Nikisema utaratibu simaanishi usafi wa kumpokea mgeni. Kwenye kiwanja kuna njia ya mtu na njia ya mzigo, na ajali nyingi huzaliwa pale njia hizo mbili zinapokatana. Toroli linateremka na zege huku msaidizi anapanda na ndoo ya maji. Mwashi anarudi nyuma hatua moja kuangalia timazi, na nyuma yake kuna shimo la choo lisilofunikwa. Kapita asiyejua kupanga huziba mapengo hayo kwa sauti: angalia wewe, simama, pisha. Kutwa nzima anapiga kelele, na watu wanamsifu kwamba ni mkali. Mimi namhesabu mkali huyo kuwa mtu ambaye hakutembea kwenye kiwanja kikiwa kitupu.

Jambo hili lilinikaa vizuri zaidi kwa kuifikiria maktaba ya Muyinga.

Muyinga uko kaskazini-mashariki, karibu na Tanzania. Tangu mikoa 18 ya Burundi ilipopunguzwa kuwa 5 mwaka 2025, umeingia katika mkoa wa Buhumuza. Mwaka 2012 lilikamilika pale jengo dogo lililokuja kujulikana mbali kuliko majengo mengi makubwa: maktaba, iliyokusudiwa iwe sehemu ya shule jumuishi ya watoto viziwi. Shirika la ODEDIM la hapohapo Muyinga lilifanya kazi hiyo pamoja na wasanifu wa BC kutoka Brussels, na kabla ya kuchora, wasanifu walitumia miezi miwili wakizunguka eneo hilo na mikoa ya jirani kuangalia watu wanajenga kwa nini na kwa namna gani. Wakaamua kujenga kwa kilichopo. Kuta ni za tofali za udongo ulioshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila kuchomwa. Paa ni vigae vya udongo juu ya miti ya mikaratusi. Kuna baraza ndefu iliyoezekwa, kama ile ya nyumba nyingi za Burundi, inayomkinga mtu na jua na mvua. Na upande wa barabarani, ambako dari liko juu sana, wakatundika wavu mpana wa kamba za katani ambao watoto wanaweza kulala juu yake na kusoma.

Watu huupiga picha wavu huo, na wana haki. Mimi navutwa na tofali.

Mashine zilikuwa mbili, kuukuu, zilikutwa huko huko zimefunikwa na vumbi, zikafufuliwa. Tofali moja lilikuwa la sentimita 29 kwa 14 kwa 9. Watu wanne kwenye kazi, wakisaga udongo, wakichekecha, wakijaza, wakishindilia, wakitoa na kupanga, waliweza kufikisha tofali 1,100 kwa siku. Piga hesabu. Hiyo ni mita nne za ujazo kila siku, na kwa uzito wa udongo ulioshindiliwa ni zaidi ya tani saba. Kila jioni tani saba nyingine za vitu vibichi vinavyovunjika ukivishika vibaya, visivyotaka jua kali la mara moja wala tone la mvua, vinatafuta mahali pa kulala. Baada ya siku kumi una uwanja mzima wa tofali, na za leo hazifanani na za juzi. Zote ni nyekundu. Usipozipanga kwa umri, mwashi atachukua lililo karibu naye, na lililo karibu ndilo lililotoka mashineni jana.

Kazi ya namna hiyo inapangwa kwa kufuata mwendo wa udongo wenyewe. Shimo la udongo liko upande mmoja. Chekeche linakaa pale upepo unapopeleka vumbi mbali na watu. Mashine iko hatua chache tu kutoka chekeche, kwa sababu udongo mkavu, ingawa ni mwepesi kubeba kuliko tofali bichi, haufurahishi kubebwa mara mbili. Baada ya mashine ni kivuli cha kukaushia, sakafu yake imesawazishwa ili tofali zisipinde. Baada ya kivuli ni marundo ya zilizokauka, na marundo yanaishia karibu na ukuta. Udongo unaingia huku, ukuta unatokea kule, na hakuna mtu anayerudi nyuma na mzigo. Mipaka ya kila kituo ni kamba tu na vigingi, lakini siku ya tatu kamba zinaweza kuondolewa, maana miguu imeshazoea njia.

Halafu mchoro wenyewe ulimsaidia kapita. Nguzo za maktaba, za tofali zilezile, zilipangwa kila baada ya mita 1.30, na ndizo zinazozishikilia kuta zile ndefu zisiyumbe. Mchoraji anaona uzuri wa mfululizo wake. Mimi naona pia kwamba nafasi kati ya nguzo mbili inamtosha mwashi mmoja na msaidizi wake, wenye rundo lao la tofali na karai lao la udongo, na kwamba mtu akipita na mbao anajua atakutana na watu kila baada ya mita 1.30 na si mahali pengine popote. Paa lilipewa mteremko wa asilimia 35 na kuchomoza nje ya kuta, kwa sababu tofali lisilochomwa linaogopa mvua. Lakini paa huja mwisho. Katikati ya siku ya kwanza ya ukuta na siku ya kigae cha mwisho, anayezikinga kuta ni kapita mwenye turubai, mawe ya kulibana, na zamu ya watu wa kulitandaza wingu likitanda upande wa Karusi.

Na jengo hili lilijengwa kwa ajili ya watoto wasiosikia. Nimelifikiria sana hilo. Usalama wa viwanja vyetu vingi unategemea mtu kusikia akiitwa: tofali linaanguka, mtu anapaza sauti, aliye chini anaruka. Sasa mweke hapo fundi kiziwi. Au weka mashine ya kuchanganyia zege ikinguruma karibu, na hapo mafundi wote ni viziwi kwa saa nzima. Kiwanja kilichopangwa kumlinda asiyesikia kinawalinda wote: kizuizi kinachoonekana chini ya jukwaa, njia moja ya kuingilia na moja ya kutokea, shimo lililofunikwa kwa mbao nzito iliyopigiliwa, mtu mmoja aliyesimama barabarani na kitambaa chekundu lori linaporudi nyuma. Tangu nilipoanza kutazama viwanja kwa jicho hilo, huwa nasimama getini kwanza na kusikiliza. Panapokuwa na nyundo, mwiko na mazungumzo ya kawaida tu, najua kuna mtu alifanya kazi yake mapema.

Turudi Gitega, kwenye majukwaa. Hapa Burundi mafundi hupandia miti ya mikaratusi, kwa hiyo jukwaa letu ni la mikaratusi na huenda likabaki hivyo muda mrefu. Sioni aibu yoyote. Mti ulionyooka, uliokomaa, uliofungwa vizuri, unabeba. Lakini mtazame anayelifunga jukwaa kwa uangalifu. Anachagua nguzo moja moja, anazigonga, anazitupa zenye ufa wa kuzunguka. Chini ya kila nguzo anaweka jiwe bapa au kipande cha ubao mpana, maana mti uliosimama juu ya udongo laini utazama upande mmoja, na jukwaa zima litauma ukuta. Miti ya kupitisha anaifunga kwa kamba na kuipigilia msumari, vyote viwili, kwani kamba hulegea ikikauka na msumari hung'oka ukitikiswa. Kila baada ya nguzo chache analishikiza jukwaa ukutani. Anaweka mti wa mlalo kimo cha kiuno kwa ajili ya mwashi, na ubao uliosimama ukingoni, kiasi cha sentimita 15, kwa ajili ya aliye chini, ili mwiko ukisukumwa na mguu usidondoke. Ngazi yake inapita juu ya sakafu ya jukwaa kwa karibu mita moja, mtu apate pa kushika anapovuka. Akimaliza, yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kupanda, na anarukaruka katikati ya kila ubao mbele ya watakaofanya kazi hapo.

Asubuhi baada ya mvua anaanza upya: kila jiwe, kila fundo. Kijana mmoja anayejifunza kazi hupewa ukaguzi huo akiwa na chaki, na pasipo na alama ya chaki hapapandwi. Huu ni ufundi unaopita mkono kwa mkono, na sijaona darasa linaloufundisha vizuri kama asubuhi hizo.

Kofia ngumu na mabuti ni haki ya kila mfanyakazi na sitaki mtu anisome vibaya. Lakini kofia inamsaidia aliyekwisha kuangukiwa. Mkataba Namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unaohusu hasa kazi za ujenzi, unataka zaidi ya vifaa. Unataka njia salama za kuingilia na kutokea kila mahali pa kazi, unataka walindwe hata wapitao karibu na kiwanja, na unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu kwa usalama au afya yake. Sisi tunayo OBUHA ya kusimamia mipango miji, makazi na ujenzi, na tunayo INSS, taasisi ya hifadhi ya jamii, kwa ajili ya anayeumia kazini. Lakini kibarua wa siku moja ambaye jina lake halikuandikwa popote, atathibitisha vipi kwamba aliumia hapo? Ndiyo maana lile daftari la shule la kapita lina ukurasa wa majina, yanayosomwa kila asubuhi kabla ya sururu kuinuliwa, na jioni tena kabla ya geti kufungwa. Orodha ya jioni ndiyo inayomjulisha kama kuna mtu bado yuko mtaroni.

Mafundi wanaijua thamani ya kazi hii ya kupanga kiwanja. Kinachokosekana ni mtu wa kuilipia. Bei ya ujenzi huhesabiwa kwa tofali, kwa mifuko, kwa nondo na kwa siku za mwashi, na zile siku mbili tatu za kapita na vigingi vyake hazimo. Mkandarasi akibanwa anazikata kwanza, mwenye mali anashukuru kwamba kazi imeanza mapema, na kijiji cha marundo kinaota popote lori lilipomwaga.

Wewe unayejenga Magarama au Nyamugari hapa Gitega, au kwenye barabara ya Muyinga kuelekea Kobero, ziandike siku hizo kwenye mkataba wako na uzilipe kama unavyolipa saruji. Kabla msingi haujafunguliwa, mwombe kapita akutembeze kwenye kiwanja kitupu akuonyeshe lori litaingilia wapi, udongo utalala wapi, maji ya mvua yatapitia wapi, na jirani yako amekubali nini. Akikosa jibu hata kwa moja, usiruhusu sururu ya kwanza.